Usiuze Wati za Kwenye Stika



Leo nina neno kwa wale tunaouza kompyuta za mezani na vifaa vyake mtandaoni. Najua wapo watakaosema nawaharibia biashara. Sawa tu. Msimamo wangu ni huu: kama hujaipima pawa saplai, usiandike wati zake kwenye tangazo kana kwamba una uhakika nazo. Stika ni maneno ya aliyeibandika, wewe ndiye utakayepigiwa simu.

Niwaambie kilichonifikisha hapa.

Mimi niko Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini. Wageni wanakuja kwetu kuona makumbusho na fuvu la Mtwa Mkwawa, mimi nakaa na simu yangu nauza kompyuta za mtumba kwa WhatsApp na Facebook. Wateja wangu ni wenye steshenari, wanafunzi wa vyuo na ofisi ndogo ndogo: Iringa mjini, Ilula, Mafinga, wengine mpaka Makambako. Mzigo unapanda basi. Wengi wao hawanijui sura, wananijua jina tu.

Mwaka juzi nilichukua pawa saplai kumi kwenye duka moja Dar. Boksi zinang'aa, stika imeandikwa wati 500, bei ya jumla shilingi 22,000 kila moja. Nikapiga picha, nikaposti "Wati 500, mpya kabisa, 35,000 tu". Wiki mbili nyingi, zimeisha. Nikajiona nimepata chimbo.

Moja ilienda kwa mama mwenye steshenari. Miezi miwili baadaye akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, kile kitu ulichoniwekea kimetoa moshi."

Umeme ulikatika jioni, uliporudi kikapiga kishindo. Mazabodi ikaenda nayo, hadi diski nayo ikafa. Ndani ya ile hadi diski kulikuwa na ripoti za wanafunzi zaidi ya kumi waliokuwa wanasubiri kuchapiwa.

Piga hesabu na mimi. Faida yangu kwa pawa zote kumi ilikuwa 130,000. Kumtafutia mama mazabodi na hadi diski nyingine nilitumia 180,000. Zile ripoti sikuwa na namna ya kuzilipa. Vijana walianza kuandika upya, na kila aliyeuliza sababu aliambiwa jina langu.

Fundi alipoifungua ile pawa, nilijionea mwenyewe. Nafasi za vifaa vya kuchuja umeme zipo zimechorwa kwenye bodi, lakini vifaa vyenyewe havijawekwa. Vipande vya kupooza joto ni vyembamba kama mfuniko wa bati. Akageuza stika akanionyesha mstari mdogo ambao sikuwahi kuusoma: volti 12, ampia 14. Zidisha: wati 168. Prosesa na kadi ya picha za kompyuta za siku hizi zinategemea hasa huo mstari wa volti 12. Yaani stika yenyewe ilikuwa imekiri, mimi ndiye sikusoma.

Basi tangu siku hiyo nafanya hivi, na ningependa na ninyi mfanye.

1. Soma mstari wa volti 12, achana na namba kubwa. Volti 12 mara ampia (ile herufi A) ndiyo nguvu halisi ya kazi. Pawa ya kisasa ya wati 500 iliyo nzuri inatoa karibu nguvu zake zote kwenye huo mstari. Ukikuta mistari miwili ya volti 12, usijumlishe tu, tafuta palipoandikwa jumla ya mistari yote. Kama hakuna, shtuka.

2. Nembo ya 80 PLUS isikupumbaze. Mpango huu ulianzia Marekani mwaka 2004. Ile nembo ya kawaida maana yake ni kwamba pawa ikibebeshwa asilimia 20, 50 na 100 ya mzigo wake, angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia unaifikia kompyuta, na mwingine unapotea kama joto. Bronze, Gold na Titanium ni ngazi za juu zaidi za ufanisi huohuo. Ni kipimo kizuri, lakini hakikuambii itadumu miaka mingapi wala kama kinga zake zinafanya kazi. Halafu nembo yoyote inachapishika. Ingia kwenye orodha ya mpango wenyewe mtandaoni, utafute modeli hiyo. Isipokuwepo, nembo ni pambo.

Na hata nembo ya kweli ina mipaka. Mwaka 2021 Gigabyte, kampuni kubwa kabisa, ilibidi ikubali kuwabadilishia wateja pawa za modeli za P750GM na P850GM baada ya wapimaji wa nje kuonyesha kwamba zinaungua zikibebeshwa mzigo mkubwa. Zilikuwa na nembo ya Gold. Kama hao yaliwakuta, vipi hiyo isiyo na jina?

3. Pima ikiwa kazini. Kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili feni izunguke kunakuambia kitu kimoja tu: inawaka. Mimi naifunga kwenye kompyuta, naipa kazi nzito saa mbili, halafu naweka mita. Mstari wa volti 12 ukae kati ya 11.4 na 12.6. Wa volti 5 ukae kati ya 4.75 na 5.25. Ukitoka hapo, haiuzwi. Nasikiliza pia kama inalia mluzi, na nanusa kama inanuka kuungua. Mita ya kawaida inauzwa bei ndogo kuliko hasara ya mteja mmoja.

4. Usiifungue kama si fundi. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kushika umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Kifaa cha 35,000 hakistahili roho yako.

5. Angalia ile swichi nyekundu nyuma. Pawa nyingi za zamani zina swichi ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwekwa 115 ukachomeka, inalipuka palepale, na mteja atasema umemuuzia bovu. Kabla ya kutuma mzigo, iweke 230 na uibandike utepe isiguswe.

6. Mtumba wa asili usiudharau. Kwa ofisi ya kawaida, nachagua pawa iliyotoka ndani ya Dell au HP ya zamani, hata ikiwa ya wati 240, kuliko mpya isiyo na jina inayojiita 500. Ila useme ukweli wote: imeshatumika, kapasita zinachoka kwa joto na miaka, na modeli nyingi za mashine hizo zina plagi zake za peke yake zisizoingia kwenye mazabodi ya kawaida. Piga picha ya plagi, mteja alinganishe kabla hajalipa.

Sasa najua mtaniambia: "Mteja wetu hana 150,000 ya pawa saplai." Ni kweli, hata mimi wangu hana. Sisemi usiuze ya bei ndogo. Nasema uiuze kwa jina lake. Tangazo langu siku hizi liko hivi: "Imepimwa saa mbili. Volti 12, ampia 14. Inafaa kompyuta ya ofisi, kuandika na kuchapa. Usifunge kadi ya geimu. Warantii miezi mitatu kwa maandishi. Tumia na stabilaiza." Stabilaiza naitaja kwa sababu kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, hata pawa nzuri inahitaji msaada.

Sitawadanganya kwamba hii inaleta wateja haraka. Mwezi wa kwanza niliuza mbili. Watu walinitumia picha za wengine: "Mbona huyu ana wati 500 kwa 30,000?" Nikawajibu: muombe picha ya mstari wa volti 12. Wengine walienda kununua kwake. Wachache walirudi na ile picha, tukaisoma pamoja. Hao ndio wateja nilionao mpaka leo.

Mwenye duka akiuza kibovu, mteja anarudi mlangoni, wanagombana, wanayamaliza. Sisi wa mtandaoni hatuna mlango. Mteja akipata hasara anaipeleka kwenye magrupu, na huko hujitetei.

Yule mama wa steshenari hajanunua tena kwangu. Tukikutana mjini tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, anaendelea na safari yake. Pesa yake nilimrudishia. Imani yake bado sijaipata.

Wewe unayeuza vifaa vya kompyuta, unapima nini kabla ya kutuma mzigo? Andika kwenye komenti wenzako wajifunze. Na kama una pawa hapo ndani sasa hivi, igeuze, usome mstari wa volti 12, uzidishe, utuambie umepata ngapi.