Usipuuze mkojo wenye damu, figo zako zimo hatarini

Ikiwa ulilelewa Kwale, Kilifi, Tana River au katika nyanda za Kano karibu na Kisumu, nakuomba ujiulize swali moja, hata kama siku hizi unaishi Nairobi na maji yako hutoka mferejini. Je, utotoni uliwahi kukojoa damu? Wanaume wengi ninaowauliza swali hili hucheka kwanza, kisha hukubali. Husema kwamba wavulana wote kijijini walikojoa hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Katika sehemu nyingi za Afrika, wazazi wamewahi kuichukulia damu hiyo kuwa dalili ya kijana kubalehe.

Si kubalehe, msomaji. Ni kichocho.

Minyoo wa kichocho hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuvua katika maji hayo. Baadaye hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na jike hutaga mayai kila siku kwa miaka mingi. Mayai hayo yana mwiba. Mengine hutoboa kibofu na kutoka na mkojo, ndipo tunapoona damu. Mengine hunaswa katika kuta za kibofu na za mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, na hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mwili huyazingira, kovu hujengeka, na mrija huwa mwembamba. Mkojo ukikosa njia hurudi nyuma na figo huanza kuvimba.

Ubaya wa uvimbe huu ni kwamba mara nyingi hauumi. Hata kipimo cha damu chaweza kuonyesha kuwa mambo ni shwari, kwa sababu figo moja nzima yatosha kuifanya kazi ya mbili. Mgonjwa huja kwetu miguu imevimba, anatapika na pumzi inamsumbua, wakati figo zote mbili zimekwisha kulegea. Hapo tunazungumzia mashine ya kusafisha damu, mara mbili au tatu kwa juma, na kila familia iliyopitia jambo hilo inajua maana yake kwa mfuko na kwa kazi. Aidha, kichocho cha muda mrefu chaweza kuleta saratani ya kibofu.

Nina lawama kwa wenzangu. Kijana akieleza kwamba anakojoa damu, wengi wetu hukimbilia kisonono, tukamwandikia dawa ya viini na kumwonya kuhusu tabia zake. Mwanamke mwenye kichocho cha sehemu za uzazi hupatwa na aibu hiyo hiyo. Kumwuliza mgonjwa alikulia wapi na alioga mto gani hakuchukui hata dakika moja. Na wewe unayepitia duka la dawa kununua vidonge vya maumivu kama ibuprofen au diclofenac kila mgongo ukiuma, fahamu kuwa vidonge hivyo navyo huumiza figo zilizokwisha kuchoka, hasa mtu akiwa amepungukiwa na maji. Nasema hivyo pia kwa mwenye malaria. Malaria kali huweza kusimamisha figo kwa siku chache tu, na mkojo ukiwa haba au mweusi kama chai ya rangi, mpeleke mgonjwa hospitalini usiku huo huo.

Dawa ya kichocho, praziquantel, ipo, na hupimwa kulingana na uzito wa mtu. Mtoto akiitumia mapema, uvimbe wa figo huweza kupungua katika miezi inayofuata. Kwa mtu mzima dawa huua minyoo lakini kovu la zamani halifutiki, ndiyo sababu yafaa apigwe picha ya ultrasaundi pia. Tangu 2009 serikali imekuwa ikiwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni, na katika maeneo ya kichocho dawa hii ni miongoni mwazo. Ni kazi njema. Hata hivyo, mvuvi, mama anayefua mtoni na mkulima wa mpunga hawako darasani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba watu wazima wa maeneo hayo wapewe dawa pia, na sioni kwa nini kaunti zetu zisubiri.

Ukienda kupimwa, toa mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani wakati huo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kukupa jibu la uongo. Na kama uliogelea mtoni likizo ya Desemba, usimeze dawa kesho yake. Minyoo wachanga hawafi kwa urahisi, kwa hivyo subiri majuma sita hivi ndipo umwone daktari.