Bei ya Motokaa Mpakani Busia

Mkulima wa Marachi atakaye kununua motokaa huvutwa na bei ya ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa mara nyingi huko Uganda huwa nafuu. Lakini na ajihadhari. Tangu mwaka 2018 Uganda huruhusu kuingizwa magari ya umri chini ya miaka 15; Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Basi mwenye busara huuliza kwanza mwaka lilipoandikishwa gari mara ya kwanza. Kisha huuliza forodhani kiasi cha ushuru, akaujumlisha na bei ya muuzaji, ndipo apatane naye. Jumla ikizidi bei ya Kisumu, aondoke bila haya. Wala asitoe arbuni kabla hajaziona hati za gari kwa macho yake.