Mifupa ya Baringo Haimtishi Mungu

Mwaka 2006, viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini, Askofu Boniface Adoyo akiwa mstari wa mbele, walilitaka Jumba la Makumbusho la Taifa jijini Nairobi lisiyape nafasi ya mbele mabaki ya binadamu wa kale, kwa kuwa mageuko ya viumbe, walisema, ni nadharia tu. Hoja hiyo ingali inasikika mimbarini. Naiona inaikosea imani kabla haijaikosea sayansi, kwani anayesadiki kwamba Mungu ndiye aliyeiumba ardhi hana sababu ya kuogopa kilichomo ndani yake.

Na kilichomo katika Bonde letu la Ufa ni kingi mno kufichika. Katika Milima ya Tugen, Baringo, timu ya Brigitte Senut na Martin Pickford ilifukua mwaka 2000 mabaki ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa takriban miaka milioni 6 iliyopita. Mfupa wake wa paja unaonyesha alitembea kwa miguu miwili. Mkono wake unaonyesha bado alikwea miti. Umri huo haukubuniwa: mabaki yalilala kati ya tabaka za volkano, na potasiamu iliyomo kwenye miamba ya aina hiyo hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa kasi inayopimika. Kule Kariandusi, jirani na Elementaita, zimo shoka za mawe, nyingine za obsidiani, kando ya tabaka nyeupe za magamba ya mwani mdogo mno yaliyotuama chini ya ziwa la kale. Hata heroe wa Ziwa Nakuru wanakula vijidudu vya kijanikibichi ambavyo mababu zao ndio walioanza kuijaza hewa oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita.

Wapo wanaosema wanasayansi wenyewe hawaelewani. Ni kweli, wanabishana kama Orrorin ni babu yetu wa moja kwa moja au ni wa tawi la kando. Hawabishani kama ukoo wenyewe upo. Wengine wanahofu kwamba kuwa na nasaba moja na sokwe kunatuvua utu. Lakini Biblia na Kurani zote zinamtaja mwanadamu kuwa ametokana na udongo, na hakuna muumini anayejiona duni kwa hilo. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana, wala hakuiacha imani yake. Mwanasayansi naye akitangaza kwamba mfupa wa paja umethibitisha hakuna Mungu, amevuka mpaka: hakuna kipimo cha maabara kinachopima kusudi la uhai.

Hapo ndipo dini ina kazi. Sayansi inatuambia sisi ni jamaa wa heroe na wa vijidudu wanavyovila. Haiwezi kutuamuru tuwaheshimu. Maji taka ya jiji la Nakuru yanaishia katika Ziwa Nakuru, na sijui sauti yenye nguvu kuliko ya mimbari kuwaambia waumini kwamba kuwachafulia jamaa zao maji ni dhambi. Mchungaji atakayewapeleka vijana wake Kariandusi atawasomea Mwanzo palepale, mbele ya zile shoka, bila kuruka mstari hata mmoja.