Arua: Shahada za biashara zipo mjini, hati za mpakani bado zinajazwa na wengine

ARUA – Vyuo vikuu vya Uganda vinapofungua mwaka mpya wa masomo mwezi Agosti, wafanyabiashara wengi wa Arua na Koboko hupiga hesabu mbili kwa pamoja: hesabu ya mzigo unaongoja kuvuka kwenda Kongo au Sudan Kusini, na hesabu ya ada ya mtoto. Fedha zinatoka mfuko mmoja. Lori likikwama Vurra au Oraba kwa wiki mbili, kuna mwanafunzi anayekosa kufanya mtihani.

Kwa hiyo swali la shahada gani inasomwa wapi si la walimu peke yao. Mwenye duka au mwenye malori matatu anataka kujua kama miaka mitatu ya ada itamrudishia mtu anayeweza kusimamia vitabu vya biashara, kufuatilia mzigo kutoka Mombasa, na kusimama mbele ya afisa wa forodha bila kutetemeka.

Zamani jibu lilikuwa moja tu, nalo ni Kampala. Mtoto alikwenda Makerere au Nakawa na mara nyingi hakurudi. Hali ilibadilika Chuo cha Biashara cha Makerere (MUBS) kilipofungua kampasi mikoani, Arua ikiwemo. MUBS chenyewe kilizaliwa mwaka 1997, Chuo cha Taifa cha Biashara cha Nakawa kilipounganishwa na Kitivo cha Biashara cha Makerere, na shahada zake hutolewa kwa jina la Makerere. Jina hilo lina uzito. Mzazi wa Koboko anaweza kumlipia mwanawe asome utawala wa biashara kilomita kama 55 tu kutoka nyumbani, na Jumamosi akamwona dukani akihesabu mauzo.

Mwaka 2013 kikaja Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha serikali kilichojengwa nje kidogo ya mji. Chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Christine Dranzoa, aliyefariki Juni 2022, Muni kilianza na teknolojia ya habari, kisha kikaongeza ualimu wa sayansi, uuguzi na kilimo. Ni chuo cha sayansi kwanza. Wafanyabiashara wengi walikitazama kama mambo ya watu wengine, yaani madaktari na walimu, na hapo walikosea.

Tangu Januari 2021 Mamlaka ya Mapato (URA) imekuwa ikidai risiti za kielektroniki kupitia mfumo wa EFRIS. Mfumo huo ndio uliochangia wafanyabiashara wa Kampala kufunga maduka Aprili 2024. Mzigo wa forodha nao hupita kwenye kompyuta kwa mfumo wa ASYCUDA. Siku hizi mwenye ghala asiye na mtu wa kuelewa mitambo hii analipa faini za makosa ambayo hata hayajui. Kijana aliyesoma mifumo ya habari Muni anaweza kumfaa mwenye malori kuliko mhasibu wa pili.

Kwa miaka mingi umeme ndio uliokuwa kikwazo. West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na baadaye bwawa la Nyagak la megawati 3.5 lililoanza kazi mwaka 2012. Kufundisha kompyuta kwa umeme wa namna hiyo kulikuwa kama kufundisha udereva kwa gari lisilo na mafuta. Gridi ilifika mwaka 2024, na faida yake inahesabika darasani na dukani pia.

Lakini penye tatizo hasa ni forodha. Mtu anaweza kumaliza shahada nzuri ya biashara, akajua mizania na masoko, na bado asiruhusiwe kisheria kutoa mzigo mpakani. Kazi ya uwakala wa forodha inadai leseni ya URA, na leseni inadai cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha na usafirishaji, kinachofundishwa kwa ushirikiano wa mamlaka za kodi na vyama vya mawakala. Mafunzo hayo ni ya miezi, si ya miaka. Wazazi wengi hawajui kwamba cheti hicho kifupi ndicho kinachofungua mlango, na kwamba shahada peke yake humwacha kijana nje ya ofisi akingoja ajira.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mpaka. Mzigo ni wa mtu wa Arua, na lori ni la mtu wa Koboko, lakini karatasi zinashughulikiwa na kampuni yenye makao Kampala au Mombasa, nayo inachukua chake. Kosa likitokea kwenye hati, dereva na utingo wake wanalala chini ya trela wakati simu zinapigwa mbali.

Nakawa inafundisha usafirishaji na lojistiki, na ununuzi na ugavi, kwa ngazi ya shahada. Kampasi za mikoani zimebeba zaidi utawala wa biashara na stashahada za biashara. Sababu inaeleweka: darasa dogo halilipi mwalimu. Hata hivyo ni jambo la ajabu kidogo. Nakawa iko mbali na mpaka wowote. Arua ina Kongo mlangoni, na kutoka Koboko ni mwendo mfupi tu hadi Salia Musala, zinapokutana nchi tatu. Kama kuna mahali pa kufundishia biashara ya mpakani kwa mifano hai, ni hapa.

Lipo pia suala la lugha. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na Sudan Kusini iliingia mwaka 2016. Kujiunga kwenye karatasi na kushuka kwa ushuru mpakani ni mambo mawili tofauti, kama anavyojua kila anayepeleka saruji au sabuni Ariwara. Upande wa Kongo hati ni za Kifaransa: kuna forodha ya DGDA, kuna ukaguzi wa OCC, kuna hati ya mzigo ya FERI. Mhitimu wa Arua anazisoma kwa Kiingereza chake na kubahatisha. Sokoni Kiswahili na Lingala vinatosha, na Koboko Kinubi kinamaliza mambo mengi, ila ofisini hakuna anayepokea Kinubi. Muhula mmoja wa Kifaransa cha forodha ungeokoa fedha nyingi kuliko muhula wa nadharia ya uongozi.

Kwa wachuuzi wadogo habari ni nyingine. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, wenye cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa vitu vilivyo kwenye orodha. Hauhitaji shahada. Unahitaji mtu wa kuueleza, na wanafunzi wa biashara wakipelekwa Vurra na Oraba kufanya mazoezi ya kazi badala ya kukaa kwenye mabenki ya mjini, wangejifunza na kusaidia kwa wakati mmoja.

Nani atalipa? Bodi ya mikopo ya wanafunzi iliyoanza kazi mwaka 2014 iliegemea zaidi masomo ya sayansi. Mwanafunzi wa biashara hutegemea biashara ya nyumbani, na biashara ya West Nile haina uhakika. Njia ya Koboko, Kaya na Yei kwenda Juba ilishamiri baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa 2005. Barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, ikawekwa lami mwaka 2012 na malori mengi yakahamia Elegu. Kisha vita vya Julai 2016 vikaifanya njia ya Yei kuwa ya hatari. Lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92 zilizogharamiwa na Benki ya Dunia, ilikuta soko limepungua. Familia zilizokuwa zikilipa ada kwa mzigo wa Juba zililazimika kugeukia Kongo, au kumrudisha mtoto nyumbani.

Kwa mzazi anayepanga ada za Agosti ijayo, mambo ya kuuliza kwenye ofisi ya udahili ni machache: ni programu zipi zinafunguliwa Arua mwaka huo na zipi zinabaki Nakawa, mazoezi ya kazi hufanyika wapi, na kama mwanafunzi anaweza kusomea cheti cha forodha akiwa bado kwenye shahada. Mwenye kampuni ya malori naye anaweza kwenda na ombi lake: nafasi mbili za mazoezi kila mwaka, Vurra au Oraba, kwa mwanafunzi atakayekubali kulala mpakani.