Matimbo ya Bamburi yamekuwa msitu. Je, ufuo wetu wa Tudor?

Kila mradi wa kupendezesha Mombasa unapotajwa, hakosi mtu wa kuuliza, "Mbona Bamburi waliweza?" Swali ni zuri, ila mara nyingi huulizwa na mtu asiye na haja ya jibu. Leo nataka tulijibu, maana linatuhusu sisi wa Tudor kuliko tunavyodhani.

Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Simiti yataka chokaa, na chokaa ya pwani yetu imo ndani ya matumbawe, mabaki ya bahari ya kale. Yakachimbwa mwaka baada ya mwaka mpaka pakabaki shimo jeupe lisilo na udongo, jua likichoma, na ukichimba kidogo tu wakutana na maji ya chumvi. Mwaka 1971 kazi ya kupafufua akaishika Mswisi mmoja, René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa tayari ameajiriwa na kampuni.

Haller alijaribu aina 26 za miti. Iliyoweza kuishi ni aina tatu tu: mvinje, mnazi na damasi. Mvinje ndio uliobeba mzigo. Hauogopi chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hivyo humea pasipo rutuba. Shida ikawa majani. Yalianguka, yakarundikana, wala hayakuoza, kwa kuwa yana tanini kali. Hapo ndipo alipoletwa jongoo. Naam, majongoo hawa hawa tunaowafagia barazani mvua ikinyesha! Wakala majani, kinyesi chao kikageuka kuwa udongo, na juu ya udongo huo vikaota vingine. Baadaye wakaja samaki, mamba, swara na twiga.

Wananchi walifunguliwa lango mwaka 1984, na siku hizi mahala hapo paitwa Haller Park. Watoto wengi wa Mombasa wamepelekwa na shule zao kuwaona viboko, na mimi nilikuwa mmoja wao. Dunia nayo ilipajua baada ya tsunami ya Desemba 2004, pale Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa kando ya Malindi, alipoletwa huko akamganda kobe mkubwa aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mamake. Kisa kile kilipendwa hadi kikaandikiwa vitabu. Jongoo hakuandikiwa hata kimoja, na kazi yote ni yake.

Kutoka 1971 mpaka 1984 ni miaka 13. Hapa kwetu bustani hupewa umri wa gavana: akiondoka, na mabango yake yanaondoka. Kampuni ilikuwa na mtu mmoja, kazi moja, na bajeti isiyongoja uchaguzi. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa wanaouliza Bamburi waliwezaje.

Lakini kuna upande wa pili ambao wasifu huupita haraka. Bustani ile ni ya kampuni. Waingia kwa kiingilio, na lango lina mwenyewe. Mwaka 2024 Amsons ya Tanzania iliinunua Bamburi Cement kutoka kwa Holcim. Sina sababu ya kuwashuku wenyeji hawa wapya, na huenda wakaitunza kuliko waliotangulia. Ninachosema ni kwamba msitu uliolelewa zaidi ya nusu karne ulihama mikono pamoja na tanuri na malori, na sisi tuliokua tukiuita wetu hatukuwa na la kusema.

Sasa njooni Tudor. Mkono wa bahari unaotuzunguka huku hauna kiwanda cha kulaumiwa. Umeharibika kwa maji taka yanayoteremka bila kusafishwa, kwa mikoko iliyokatwa, na kwa kuta zinazosogea majini mwaka hadi mwaka. Kuna vichochoro ambavyo zamani vilikushusha moja kwa moja mpaka kwenye ngalawa. Leo vinaishia kwenye geti la chuma na mlinzi anayekuuliza waenda kwa nani.

Na sheria haina utata. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 yasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Bamburi wananchi ni wageni wanaolipa. Ufuoni Tudor sisi ndio wenye mali, ila twapiga hodi.

Msiniambie haiwezekani. Kibarani, jaa lililokuwa likitupokea na harufu yake kila tunaporudi kisiwani, kaunti ilianza kulifunga na kupanda miti wakati wa Gavana Hassan Joho. Na mwaka 2022 Daraja la Makupa lilifunguliwa badala ya lile tuta la zamani lililoziba njia ya maji baina ya upande wa Tudor na upande wa Port Reitz. Mvuvi yeyote atawaambia maji yanayopita si sawa na maji yaliyosimama.

Kaunti ikitaka kuanza, isilete kwanza mchoraji wa bustani mwenye picha za viti na taa. Ilete mpima ardhi. Apite Tudor nzima siku ya bamvua maji yakijaa, aweke alama palipofika maji, ahesabu njia zote za kushukia ufuoni, zilizo wazi na zilizofungwa, kisha ramani ibandikwe kwa chifu na misikitini ambapo kila mtu ataisoma. Nyuma yake lije fundi wa mabomba, afuate kila mfereji wa maji taka mpaka unakoanzia. Mikoko tutaipanda wenyewe. Vijana wapo, mbegu huelea zenyewe, na jongoo tunaye bure.