Shujaa wa Nyumbani Aliyezaliwa Ugenini

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame mtu aliyecheza mbali sana na kwetu, lakini ngoma yake akaipa jina la Kiswahili. Mtu huyo ni Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1946 katika jimbo la Pennsylvania, akahamia Kanada mwaka 1969, na huko akabuni bara zima lenye falme, majangwa, miungu na wachawi. Bara hilo aliliita Nyumbani. Shujaa wake alimwita Imaro.

Nimeona vema kulileta jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu mzazi anayerejea kutoka kazini jioni huwakuta wanawe wamekodoa macho, wakimtazama mtu mwenye misuli kama mizizi ya mbuyu akipigana na joka. Si dhambi. Mtoto asiyependa visa vya mashujaa ni nadra kama nazi isiyo na maji. Lakini mgeni akiingia nyumbani mwako na kuzoeana na watoto, huna budi kumwuliza ametoka wapi na ametumwa na nani. Basi na tumwulize mgeni huyu.

Mashujaa wa namna hii walikulia katika magazeti ya hadithi ya bei nafuu yaliyochapwa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Karatasi yake ilikuwa duni, ya massa ya mti, yenye kugeuka manjano na kukatika upesi. Waliyasoma wafanyakazi wa viwandani, makarani, wanafunzi na wanajeshi. Katika gazeti la aina hiyo, mwaka 1912, Edgar Rice Burroughs alimleta Tarzan, mtoto wa Kiingereza aliyelelewa na nyani katika misitu ya Afrika. Burroughs mwenyewe hakupata kukanyaga Afrika hata siku moja. Katika hadithi yake ya kwanza alimweka humo chui milia, mnyama wa Bara Hindi ambaye hakuna Mwafrika aliyepata kumwona porini kwetu. Kitabu kilipotoka mwaka 1914, mnyama huyo alikuwa amekwisha kugeuzwa simba jike. Kosa la mnyama lilisahihishwa. Kosa la watu, yaani Waafrika waliochorwa humo kama viumbe wa gizani, liliachwa lilivyo.

Miaka 20 baadaye, Desemba 1932, gazeti la *Weird Tales* lilichapisha hadithi ya kwanza ya Conan. Mtungaji wake, Robert E. Howard, alikuwa mtoto wa daktari, akiishi na wazazi wake katika mji mdogo wa Cross Plains huko Texas. Alilipwa kwa neno, nusu senti au senti moja, na mara nyingi malipo yalichelewa. Mwaka 1935, mama yake akiwa mgonjwa wa kifua kikuu na gharama za matibabu zikipanda, Howard alimwandikia mhariri kumkumbusha kwamba gazeti lilikuwa likidaiwa naye zaidi ya dola 800. Mwaka uliofuata, Juni 1936, mama akiwa katika saa zake za mwisho, kijana huyo alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 30. Shujaa wake alikuwa akipora mikufu ya wafalme, ilhali mtungaji alikuwa akisubiri ujira wake.

Tazama sasa jina la shujaa huyo. Yeye ni Conan mshenzi, na ushenzi kwake ni taji. Howard aliamini kwamba ustaarabu huwalegeza watu na kuwafanya waongo, na kwamba mtu wa porini ana nguvu na unyofu waliokwisha kuupoteza watu wa mijini. Lakini neno hilohilo, lilipowaangukia watu weusi katika hadithi hizo hizo, liligeuka pingu. Mara nyingi Mwafrika humo ni mtumwa, au ni mmoja katika kundi lisilo na jina linalopiga ngoma usiku. Wapo wachache walionusurika, kama mganga N'Longa, rafiki wa Solomon Kane, shujaa mwingine wa Howard. Hata hivyo mmoja mmoja hafanyi umma. Na tusijitie usafi: sisi wenyewe wa pwani tulilitumia neno mshenzi kumdharau ndugu yetu wa bara kabla mkoloni hajatupima sote kwa kipimo kimoja.

Hapo ndipo aliposimama Saunders. Alizisoma hadithi za Burroughs na Howard, akazipenda, na zikamchoma. Wengine katika hali hiyo hutupa kitabu. Wengine humeza kasumba wakanyamaza. Yeye alichagua njia ya tatu. Katika miaka ya 1970 aliandika makala kulaumu ubaguzi wa rangi katika hadithi za namna hiyo, kisha akakaa kuandika hadithi yake mwenyewe, maana lawama pekee haimpi mtoto kitu cha kusoma usiku.

Imaro ni mwana wa mama aitwaye Katisa, wa kabila la Ilyassai, watu wafugaji na wapiganaji ambao mtungaji aliwachora kwa mfano wa Wamasai. Baba yake hajulikani. Akiwa na umri wa miaka mitano anaachwa na mama yake mikononi mwa kabila linalomdharau na kumwita mwana asiye na baba. Anakua akiwa na nguvu kupita wenzake wote, na upweke kupita wenzake wote. Anatoka na mkuki wake kwenda kumtafuta mtu au mahali patakapomkubali. Msomaji wa Kiswahili anayekifungua kitabu hicho cha Kiingereza hushtuka kukutana na maneno ya kwao: majambazi wa humo wanaitwa haramia, uchawi wake ni mchawi, na miungu waovu ni Mashataan, ambao bila shaka ni mashetani wetu waliovuka bahari. Sarufi yake wakati mwingine inachechemea, lakini mtu ahesabiwe nia kabla ya kuhesabiwa ngeli. Mjukuu wa waliochukuliwa utumwani alikuwa akitafuta neno la Kiafrika lenye maana ya mahali pa kurudi, na neno alilolichagua ni nyumbani.

Mwaka 1975 Lin Carter, mhariri mashuhuri wa hadithi hizo, alichagua kisa kimoja cha Imaro kiingie katika mkusanyo wa hadithi bora za mwaka. Mwaka 1981 kitabu cha kwanza kikatoka. Hapo hasidi akabisha hodi. Wachapishaji walikuwa wameandika juu ya jalada kwamba hiki ni kisa cha Tarzan mweusi. Wenye mali ya Burroughs walikuja juu kutetea jina lao, na ikabidi jalada libadilishwe, kitabu kikachelewa kuwafikia wanunuzi. Fikiri, ndugu msomaji: mtu ameandika kitabu kizima ili kumjibu Tarzan, naye anapelekwa sokoni akiwa amevishwa shati la Tarzan! Vitabu viwili vikafuata, mwaka 1984 na 1985, kisha mfululizo ukakatwa kwa kuwa mauzo hayakuridhisha.

Katika sinema mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1982 Conan aliingia katika filamu kubwa, akiigizwa na Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria na bingwa wa kutunisha misuli. Adui yake, mchawi mwenye kuwapumbaza vijana hadi wakajitupa kutoka juu ya jabali, aliigizwa na James Earl Jones, mwigizaji hodari mweusi wa Marekani. Saunders naye alipata bahati yake mwaka 1986. Alikuwa na shujaa mwingine, mwanamke aitwaye Dossouye, aliyemtunga kwa mfano wa wanawake askari wa ufalme wa Dahomey. Kisa chake kimoja kilifanywa filamu iliyoitwa *Amazons*, na Saunders mwenyewe akaandika mchezo wake. Filamu ilipotoka, shujaa yule wa Dahomey alikuwa amekuwa mwanamke wa Kizungu. Ilitupasa kungoja hadi mwaka 2022 ndipo filamu kubwa ya Marekani, *The Woman King*, iwaonyeshe wanawake wa Dahomey kwa sura zao, wakiongozwa na Viola Davis.

Mlango wa tatu ni mchezo wa mezani, nao unanivutia kuliko sinema. Mwaka 1974, katika mji wa Lake Geneva huko Wisconsin, Gary Gygax, ambaye alipoteza kazi yake ya bima akajishikiza kwa kushona viatu, alishirikiana na Dave Arneson kutoa mchezo uitwao *Dungeons & Dragons*. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Watu huketi kuzunguka meza, wakiwa na karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mtu wake ambaye nguvu zake, akili yake, hekima yake na wepesi wake vimeandikwa kwa tarakimu. Msimulizi husema: mmefika penye mlango wa chuma, na nyuma yake kuna sauti ya kitu kinachopumua, mtafanya nini? Kila mmoja hujibu, dadu hurushwa, na kisa huendelea kule ambako hata msimulizi hakukutazamia.

Gygax hakuficha deni lake. Katika kitabu cha msimulizi cha mwaka 1979 aliorodhesha watunzi waliomwathiri, Burroughs na Howard wakiwamo. Mwaka 1985 mshenzi wa mfano wa Conan alikwisha kuingizwa katika kanuni kuwa aina mojawapo ya watu ambao mchezaji anaweza kuwa. Afrika ilichelewa kupewa kiti. Kati ya kazi zilizojaribu kuziba pengo hilo ni *Nyambe*, kitabu cha mwaka 2002 kilichoyaweka mambo hayo katika Afrika ya kubuni. Lakini mchezo wenyewe una jambo ambalo bibi zetu walilijua bila dadu. Bibi akisema paukwa, haendelei mpaka wajukuu wajibu pakawa. Hadithi ni ya wote waliopo. Katika sinema mtoto hupewa shujaa aliyekwisha kupikwa na kupakuliwa. Pale mezani, kama vile mkekani kwa bibi, huulizwa yeye angefanya nini. Na mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo haridhiki milele kuwa mmoja katika kundi lisilo na jina.

Nirudi kwa Saunders, kwa maana jambo ninalomheshimia zaidi halihusu upanga. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 kulikuwa na sehemu moja iliyosimulia watu wa tabaka moja wakilikandamiza jingine, mabwana warefu wakiwatawala watumwa. Ilikuwa hadithi tu. Mwaka 1994 Rwanda ikaona mauaji ya kimbari. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka 2006, Saunders aliiondoa sehemu hiyo na kuandika nyingine mahali pake, kwa sababu ilikuwa inashabihiana mno na msiba wa watu halisi. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Burroughs alisahihisha mnyama. Saunders alisahihisha kwa ajili ya watu.

Maisha yake hayakuwa ya kitajiri. Alifanya kazi katika gazeti la kila siku la mji wa Halifax. Mwaka 2008 gazeti likafungwa, naye akapoteza ajira akiwa na miaka 61. Mwaka 2009, miaka 24 baada ya kitabu cha tatu, alikitoa cha nne bila msaada wa kampuni kubwa. Mei 2020 alifariki akiwa peke yake katika nyumba ya kupanga, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Marafiki na wasomaji walipopata habari, miezi ikiwa imepita, walichangishana hadi kaburi likapata jiwe. Mtu aliyeipa dunia yake jina la Nyumbani nusura apotee kama asiye na kwao.

Sisi tunaye Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa aliusimulia utenzi wake mwaka 1913. Mashujaa wa magazeti hawafi, kwa kuwa toleo la mwezi ujao linawangoja. Wao ni vibarua wasio na likizo. Liyongo anakufa, tena kwa sindano ya shaba iliyotiwa kitovuni na mwanawe mwenyewe aliyehadaiwa kwa ahadi za mfalme. Anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kuchota maji wakidhani yu hai. Kisa hicho kina vitisho, hila, mapenzi ya mama na uchungu wa baba. Hakihitaji tiketi, wala umeme.

Basi usimpokonye mwanao Conan wake. Jumapili hii, baada ya chakula, zima kile chombo kwa saa moja, msimulie Liyongo, na ukifika pale mfalme anapomwahidi kijana mali na mke, nyamaza kidogo. Mwulize mwanao: wewe ungefanya nini? Kisha msikilize. Na akikua akakuta katika duka la vitabu vikuukuu jina la Imaro, mwambie kwamba huyo naye ni ndugu yetu. Alicheza ugenini, tukachelewa kumtunza.