Ukinzani wa Umeme Ufundishwe kwa Nyaya Mbili

Katika madarasa mengi ya sayansi, kauli kwamba metali hupitisha umeme huandikwa ubaoni, watoto wakainakili, na somo likaishia hapo. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini twaona kuwa haitoshi, kwani humwacha mtoto akiamini kwamba nyaya zote ni sawa.

Twapendekeza somo lianze na nyaya mbili nyembamba, kila mmoja urefu wa mita moja na unene uleule: mmoja wa shaba, mwingine wa konstantani, yaani aloi yenye takriban asilimia 55 ya shaba na asilimia 45 ya nikeli. Wanafunzi waunganishe betri na balbu ya tochi kwa kila waya kwa zamu. Kwa shaba balbu itawaka vizuri. Kwa konstantani itafifia, na wakiufupisha waya mwanga utaongezeka.

Hapo mwalimu asiharakishe kueleza. Awaulize kwanza: shaba hupitisha umeme, na nikeli pia, imekuwaje mchanganyiko wake ukinze umeme kuliko kila moja peke yake? Baada ya watoto kubishana ndipo waelezwe kwamba atomu za nikeli, zikitawanyika miongoni mwa zile za shaba, huvuruga mpangilio na kuzipotosha elektroni njia. Ukinzani wa konstantani hukaribia mara 29 ya ule wa shaba.

Faida yake ya pili ni uthabiti. Shaba ikiongezewa joto kwa digrii 100, ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 39. Wa konstantani haubadiliki ila kidogo mno. Kwa sababu hiyo aloi hii, iliyobuniwa na Edward Weston huko Marekani katika miaka ya 1880, hutumika katika reostati na vyombo vya kupimia.

Huenda wengine wakasema kuwa shule zetu hazina waya huo. Reostati mbovu ya shule ya sekondari iliyo jirani mara nyingi huwa nao. Ncha zisuguliwe kwa msasa, maana utando wa juu huzuia umeme. Umeme wa nyumbani usitumiwe kamwe.

Ninyi mnaojiandaa kufundisha, kumbukeni kwamba mtoto aliyeiona balbu ikififia mbele ya macho yake hatahitaji kukaririshwa maana ya ukinzani.